Waliokaa Kimya Kundini

Wiki ya kwanza ya kundi la WhatsApp la watu waliosoma pamoja huwa ni shangwe tupu. Picha za mahafali zinafukuliwa, majina ya utani yanarudi, kila mtu anataka kujua fulani yuko wapi na mwalimu wa hesabu bado yu hai au la. Mwezi wa tatu unaingia msiba wa kwanza, na pamoja nao mchango wa kwanza. Kufikia mwaka wa pili kundi lina watu mia mbili, lakini wanaoongea hawazidi kumi na wawili: wawili wanabishana siasa, mmoja anatuma kila alfajiri picha ya waridi iliyoandikwa "asubuhi njema", mwingine anauza mafuta ya nywele, na waliobaki wanaitikia "amina". Wengine wote kimya.

Ndipo admini anapoandika lile tangazo linalojulikana kuanzia Tanga hadi Kigoma: "Ndugu wanachama, humu ndani kuna watu wamekaa kama wapelelezi, wanasoma tu hawachangii. Ambaye hatajitokeza ndani ya siku saba ataondolewa, tusilaumiane." Yanayofuata hayana mshangao. Watu wanane wanaandika "nipo", watatu wanaweka kidole gumba, wawili wanajitoa kwa hasira, na baada ya wiki mambo yanarudi palepale. Waliofokewa ni wale wale waliokuwapo. Wengi wa waliolengwa hata hawakuliona tangazo.

Kutoliona kwao hakuna ajabu. Zamani, kundi ambalo mtu amelihifadhi kando ya orodha yake ya soga lilikuwa linarudi juu kila ujumbe mpya ulipoingia. WhatsApp iliubadilisha utaratibu huo mwaka 2021, na sasa kundi lililowekwa kando hubaki huko huko. Simu haimjulishi mwenyewe lolote, isipokuwa atajwe kwa jina au mtu ajibu ujumbe wake wa zamani. Admini anaweza kutangaza kwa herufi kubwa mpaka achoke.

Kabla ya kutafuta dawa, basi, achunguze ukimya alionao ni wa aina gani. Chombo cha kufanyia hivyo anacho mkononi. Ashikilie kwa kidole ujumbe alioutuma mwenyewe kundini, kisha afungue taarifa za ujumbe huo: ataona orodha mbili, ya waliousoma na ya wale uliowafikia tu. Mtu aliyezima tiki za bluu kwenye soga zake binafsi hajifichi hapa, kwa sababu kwenye makundi alama za kusoma hutumwa hata hivyo. Akirudia zoezi hilo kwa jumbe za siku tatu tofauti, ataona watu wanagawanyika. Wapo wanaosoma kila kitu siku ileile. Wapo ambao ujumbe unawafikia lakini hawaufungui wiki nzima. Na wapo ambao haujawafikia kabisa, pengine kwa sababu simu iliibwa, laini iliachwa, au mwenyewe alifariki na kundi halikupata habari. Hawa wa mwisho watafutwe kupitia ndugu na marafiki, na namba zilizokufa ziondolewe. Kampuni za simu huzigawa upya namba zilizolala muda mrefu, na hakuna kundi linalotaka mambo yake yaishie mikononi mwa mgeni.

Wanaosoma bila kusema ndio wanaoeleweka vibaya kuliko wote. Mwaka 2004 watafiti Jennifer Preece, Blair Nonnecke na Dorine Andrews walichapisha matokeo ya kuwauliza watu waliokuwa wakikaa kimya kwenye majukwaa ya MSN sababu ya kunyamaza kwao. Zaidi ya nusu walisema kusoma kuliwatosha. Wengine walikuwa bado wanalipima kundi kabla ya kujitokeza, wengine waliona haya, na wapo waliosema hawana cha kuongeza. Hayo yalikuwa majukwaa ya kompyuta, enzi za kabla ya simu janja, lakini hali ni hiyohiyo kwa muuguzi anayetoka zamu ya usiku, akapanda daladala, akapitia jumbe 140 kabla ya kufika kituo anachoshukia. Anajua nani amejifungua, nani amehamishiwa Songea, nani anatafuta fundi. Kwa hesabu yake yeye ni mwanachama kamili. Kumwita mpelelezi ni kumfukuza mtu aliyekuwa amejikalia nyumbani kwake.

Kazi yenyewe ipo kwa wale walioacha kufungua. Hao waliondoka kwa sababu, na mara nyingi sababu bado imo ndani ya kundi, inaendelea kuwafukuza wengine.

Inayoongoza ni orodha ya michango. Anaanza mmoja mwenye uwezo: namba moja, jina lake, 100,000, na tiki ya kijani mbele. Wa pili ananakili orodha na kuongeza mstari wake. Wa tatu anaahidi 50,000. Orodha ikifika mstari wa ishirini, mwenye 5,000 mfukoni anaona aibu kujiandika chini ya wakubwa hao, tena anajua kila anayeisoma orodha anaona pia nani hayumo. Anaamua kusubiri mshahara. Mshahara unakuja na ada ya mtoto, na ndani ya wiki hiyo unatangazwa msiba mwingine. Akifungua kundi anakutana na "bado watu 61, jamani tuoneshe utu". Anazima sauti ya kundi, kisha analiweka kando. Hakuna aliyemtukana wala aliyegombana naye, na miezi sita baadaye wenzake wanasema fulani siku hizi anaringa.

Dawa yake haina gharama. Michango iende moja kwa moja kwa mweka hazina, naye atangaze jumla tu, bila majina wala viwango. Msiba ufunguliwe kundi la muda, la wanaotaka kushiriki, livunjwe baada ya arobaini. Wapo watakaolalamika kwamba bila orodha watu hawatoi. Huenda mara ya kwanza kiasi kikapungua. Lakini kundi linalokusanya kwa kuaibisha linalipwa kwa kupoteza watu, na mtu aliyepotea hachangii chochote kabisa.

Inayofuata ni skrinishoti. Mtu ameeleza masaibu yake kazini saa tatu usiku, asubuhi bosi anayo. Hata kama iliyovuja ni ya mwenzake, kila aliyeona amejifunza kunyamaza. Hapa ipo historia ya karibu ya kutazama. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa na kufikishwa mahakamani Dar es Salaam, moja ya hoja za kesi ikiwa ni kukataa kuwapa polisi taarifa za watu walioandika kwenye jukwaa hilo kwa majina ya bandia. Mashtaka yalimzungusha mahakamani kwa miaka. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu yanayoandikwa humo, ila mwanachama wa JamiiForums alijua kitu kimoja kuhusu mwenye jukwaa: hatamtoa. Kundi la WhatsApp halina majina ya bandia. Kinga yake ni tabia ya watu wake basi, kwa hiyo admini anayetaka watu warudi aseme waziwazi kwamba yanayosemwa ndani hayatoki, na anayevujisha aondolewe kweli, hata akiwa ndiye mweka hazina.

Halafu ipo kejeli. Mtu aliandika Kiswahili kibovu akachekwa, au aliuliza swali akaambiwa "mbona hilo lilishajibiwa, uwe unasoma juu". Waliomcheka walisahau siku hiyohiyo. Jinsi mapokezi ya namna hii yanavyokausha jumuiya ilikuja kuonekana vizuri kwenye Wikipedia ya Kiingereza. Wahariri wake wa kudumu walikuwa wengi kuliko wakati wowote mwaka 2007, na kufikia 2013 walikuwa wamepungua kwa zaidi ya theluthi. Mwaka huo wa 2013 Aaron Halfaker na wenzake walionesha kwamba watu wapya wenye nia njema waliendelea kuja, ila kazi zao zilikuwa zikifutwa kwa kasi, mara nyingi kwa msaada wa programu zilizotengenezwa kupambana na waharibifu. Aliyefutiwa kazi yake ya mwanzo bila neno la maelezo hakuona sababu ya kurudi. Mwaka mmoja kabla, Februari 2012, ilikuwa imefunguliwa sehemu iitwayo Teahouse, ambako mgeni anauliza swali lolote na kujibiwa na binadamu kwa upole. Ufuatiliaji wa baadaye ulionesha kwamba waliokaribishwa huko walidumu kuhariri kuliko wageni wenzao ambao hawakualikwa. Mabishano ya siasa nayo hufukuza watu, hasa mwaka wa uchaguzi, na hayahitaji utafiti: yapewe kundi lake, wanaoyapenda wahamie huko. Tangu Novemba 2022 WhatsApp inaruhusu makundi kadhaa kuwekwa chini ya jumuiya moja, pamoja na sehemu ya matangazo ambayo viongozi peke yao ndio wanaoandika. Biashara nayo iwekewe siku, tuseme Jumamosi.

Haya yote yatangulie. Kumwita mtu arudi kwenye kundi lilelile lililomfukuza ni kumpa nafasi ya kuondoka mara ya pili, na mara ya pili hasikii tena akiitwa.

Nyumba ikishafagiliwa, ndipo wito unaanza, nao upelekwe kwa mtu mmoja mmoja. Kuna jaribio lililofanywa na watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Minnesota, na kuchapishwa mwaka 2005, ambalo kila admini angefaidika kulijua. Chuo hicho kina tovuti iitwayo MovieLens, ambayo wanachama wake hupima filamu kwa alama, na kama ilivyo kawaida wengi walikuwa hawapimi. Watafiti waliwaandikia barua pepe wanachama wavivu, kila kikundi kwa maneno tofauti, wakaangalia nani ataamka. Walioambiwa kwamba mchango wao ni wa pekee, kwamba wameziona filamu ambazo wengine hawajaziona, waliongeza juhudi. Waliopewa lengo lenye idadi walifanya zaidi ya wale walioambiwa wajitahidi kadiri wawezavyo. Na jambo ambalo watafiti wenyewe hawakulitarajia: kuwakumbusha wanachama faida za kushiriki hakukuwaamsha, kulipunguza mchango wao.

Kwa hiyo ule ujumbe wa "kundi letu lina faida nyingi, usikose" hauna kazi. Vilevile "Mambo, mbona umepotea?", kwa kuwa unamtaka mtu ajitetee kabla hajasalimia. Ujumbe wenye nafasi ya kujibiwa unafanana na huu, aliotumiwa yule muuguzi wetu tuseme, faraghani:

"Dada, habari za siku nyingi, pole na majukumu. Mtoto wa mwenzetu mmoja amechaguliwa chuo cha uuguzi, anaogopa mafunzo ya vitendo wodini. Katika darasa letu zima ni wewe uliyepitia huko. Kesho jioni ungeweza kumjibu maswali mawili pale kundini? Hata kwa ujumbe wa sauti."

Hakuna neno kuhusu kutoonekana kwake. Limetajwa jambo moja, lina siku yake na mwisho wake, na sababu ya kuitwa yeye badala ya mwingine imeelezwa. Akikataa, hajakataa kundi. Amekataa maswali mawili, na anaweza kuombwa lingine mwezi ujao. Sharti ni moja: haja iwe ya kweli. Watu wazima wanatambua haraka swali lililobuniwa ili kuwasemesha.

Nani autume? Mara nyingi admini hafai. Jina lake likitokea kwenye simu, mtu anafikiria mchango. Atafutwe aliyekaa naye dawati moja, aliyelala naye bweni moja, au yule aliyempigia simu alipofiwa. Kwa mtu aliyekuwa karibu kweli, kupiga ni bora kuliko kuandika, na salamu zichukue muda wake kabla ya kuingia kwenye shida. Kama aliyepotea alikuwa kidato cha mbele, shikamoo isisahaulike. Watu wa makamo hawasahau nani aliwarukia heshima. Watano kwa wiki wanatosha. Wakirudi thelathini siku moja hakuna atakayepata nafasi ya kusikilizwa.

Aliyejitoa rasmi ana utaratibu tofauti kidogo. Kumrudisha kwa nguvu, anaamka anajikuta yumo tena, ni ubabe, na tangu Aprili 2019 WhatsApp inampa kila mtu uwezo wa kuchagua nani anaweza kumuingiza kundini. Aliyefunga mlango huo atapelekewa mwaliko binafsi unaokufa baada ya siku tatu. Kwa hiyo aulizwe kwanza, akikubali ndipo atumiwe, na atumiwe wakati ana bando.

Makundi mengi huharibu kazi yote siku mtu anaporudi. Dada anatuma ujumbe wake wa sauti wa dakika mbili kuhusu wodi. Wa kwanza kujibu anaandika "Kumbeee upo hai!", wa pili anaweka stika ya mtu anayezimia, wa tatu anauliza kama atalipa madeni ya mwaka juzi. Alichokisema hakijagusiwa. Aliyemwita inabidi awe ameshawaandaa wenzake wawili watatu waitikie hoja yenyewe: yule mzazi aulize swali la nyongeza, mwingine asimulie ya mwanawe. Mzaha wa kumkaribisha hauna ubaya, mradi usitangulie.

Kisha ashukuriwe, na ashukuriwe kwa alichofanya hasa. Wikipedia ina kitufe cha asante tangu 2013, na jaribio lililofanywa katika lugha nne, zikiwamo Kiarabu na Kiajemi, lilionesha kwamba wahariri waliopewa asante waliendelea kuonekana kuliko wasiopewa. Tofauti ilikuwa ndogo, kama asilimia mbili hivi, nayo inatosha kumzuia mtu kudhani asante ni muujiza. Nishani isiyo na thamani ya fedha ilifanya makubwa zaidi: Jana Gallus, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, aligundua kwamba wahariri wapya wa Wikipedia ya Kijerumani waliotunukiwa nishani ya jina tu walibaki kwa kiwango kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 20 mwezi uliofuata.

Zawadi za vitu ni habari nyingine, na Wikipedia ya Kiswahili inaijua. Mwishoni mwa mwaka 2009 Google ilitangaza shindano la kuandika makala za Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, zawadi zikiwa pamoja na kompyuta na simu. Makala ziliingia kwa mamia. Baada ya washindi kutangazwa, wengi wa washiriki hawakuendelea, na kazi ya kusahihisha yaliyoachwa ikabaki kwa wale wachache wa siku zote. Admini anayefikiria kugawa bando kwa atakayeandika sana mwezi huu ajiandae kupata maandishi mengi mwezi huu.

Ipo na njia ya kulinganisha watu, nayo ina makali pande zote mbili. Watu wa MovieLens walirudi mwaka 2010 na utafiti mwingine: waliwajulisha wanachama mtu wa katikati amepima filamu ngapi. Waliokuwa chini ya hapo waliongeza kazi yao ya mwezi kwa asilimia 530. Waliokuwa juu walipunguza kwa asilimia 62, huenda kwa kugundua kwamba wanajichosha peke yao. Taarifa hiyo ilikwenda kwa kila mtu binafsi. Kuna tofauti kubwa kati ya kunong'onezwa ulipo na kuanikwa kundini kwa jina, kwa hiyo jedwali la "wachangiaji bora wa mwezi" lenye majina yote, pamoja na wenye sifuri, lisibandikwe. Likibandikwa litawaondoa wa chini na kuwalegeza wa juu kwa pigo moja.

Baada ya miezi mitatu ya kazi hii, kundi la watu mia mbili halitakuwa na waongeaji mia mbili. Likipata arobaini wanaosema hapa na pale, na wengine themanini wanaosoma kwa raha, limefanikiwa, na admini asidanganyike na makundi yenye jumbe elfu kwa siku, maana nyingi ni waridi. Watakaobaki bila kurudi waulizwe mara moja faraghani kama wangependa kuondolewa. Wengi watashukuru kuulizwa, kwani walikuwa wanaogopa kuonekana wabaya.

Na anayeamua kuondoka aachwe aondoke. Tangu mwaka 2022 anayejitoa kwenye kundi la WhatsApp hatangazwi tena kwa wote. Wanaojulishwa ni maadmini peke yao. Admini akipata taarifa hiyo asiipeleke kundini. Amwandikie mhusika faraghani, amshukuru kwa muda aliokaa, amwambie namba yake bado anayo.